Basi ni la kisasa, lakini nani yuko usukani?

Ukitaka kujua Mkenya anaipenda familia yake kiasi gani, usimwulize kwa maneno. Nenda kituo cha mabasi cha Machakos jijini Nairobi, au Mwembe Tayari kule Mombasa, wiki moja kabla ya Krismasi. Utamwona mtu mzima, mwenye kazi yake na heshima zake, amebeba godoro kichwani, mkono mmoja umemshika mtoto na mwingine umeshika mfuko wa mkate na majani ya chai ya kumpelekea mama, naye anabishana na karani juu ya nauli iliyopanda maradufu tangu juzi. Mwishowe atalipa tu. Hakuna aliyewahi kurudi nyumbani na godoro lake kwa kushindwa katika ubishi huo.

Hayo ya Desemba hayajabadilika hata chembe. Kilichobadilika, msomaji wangu, ni basi lenyewe na namna tunavyolipanda. Nimeona tulizungumze jambo hili kwa kuwa kila muhula shule zinapofunguliwa wazazi wengi huwapandisha watoto magari ya mbali, wakapunga mkono, kisha wakakosa usingizi hadi asubuhi.

Siku hizi tiketi unaikata ukiwa kitandani. Unafungua simu, unachagua kiti, unalipa kwa M-Pesa na ujumbe unakujia wenye nambari ya kiti na saa ya kuondoka. Kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007 ilikubidi uende mwenyewe dirishani, upige foleni, karani atoe karatasi iliyochorwa viti vyote vya basi, aandike jina lako kwa kalamu ndani ya kisanduku kimoja. Karatasi ile ndiyo iliyokuwa kompyuta yao. Ikipotea, au karani akiwa na shemeji anayetaka kusafiri usiku uo huo, kiti kimoja kilipata wenyewe wawili, na ugomvi wao ukawachosha abiria wengine hadi Voi.

Ukiingia ndani nako utashangaa. Yapo mabasi yenye viti vitatu tu kwa kila safu, vipana, vya kuegemea hadi ukajihisi uko kwa kinyozi. Kuna mahali pa kuchajia simu, kuna kiyoyozi, kuna intaneti inayofanya kazi mpaka mnapoingia Tsavo, halafu inakwenda kulala pamoja na abiria. Mengine yana choo, ingawa mimi bado sijamwona mtu akikiendea bila kwanza kutazama huku na huku kama mwizi wa kuku.

Linganisha na mabasi ya miaka ya tisini. Viti vilikuwa vya watu watatu upande huu na wawili upande ule, na katikati kijia chembamba kilichojaa magunia, ndoo na watoto. Mtoto hakulipiwa nauli iwapo alikaa kwenye mapaja ya mama yake, kwa hivyo watoto wa wakati huo walichelewa sana kukua. Mimi nilipakatwa kutoka Mombasa hadi Busia nikiwa na miaka saba, miguu yangu ikigusa sakafu, na utingo alipouliza umri wangu mama alimjibu kwa sauti kavu kwamba katika ukoo wetu watu ni warefu.

Barabara nayo ilikuwa na visa vyake. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliing'oa lami ya barabara kuu ya Mombasa vipande vipande. Magari yaliacha lami yakatafuta njia za kando, malori yakakwama, na mabasi yakafuata nyuma yake kama kondoo. Safari ya usiku mmoja iliweza kula usiku na mchana wake. Vumbi liliingia hata kama madirisha yamefungwa, na ulipofika mjini ndugu waliokuja kukupokea walikutambua kwa sauti.

Iko sababu nyingine iliyotutikisa mifupa, nayo wengi hawaijui. Mabasi mengi ya hapa kwetu hayakuzaliwa mabasi. Mwenye kampuni alinunua fremu na injini iliyotengenezewa lori, akaipeleka kwa mafundi wa hapa nchini, nao wakaijengea mwili wa basi juu yake: vyuma, mabati, madirisha, viti. Lori limeundwa kubeba mzigo, na gunia la saruji halilalamiki. Siku hizi iko kanuni ya shirika la viwango, KEBS, iitwayo KS 372, inayoeleza mwili wa basi unavyopasa kujengwa na viti vinavyopasa kufungwa imara sakafuni. Si jambo la raha tu. Basi linapobingirika, mwili huo ndio unaoamua nani atatoka akitembea.

Lakini tusiyaseme mabasi ya kale kwa ubaya peke yake. Basi lilikuwa posta, benki na jamaa. Baba aliyefanya kazi bandarini alimkabidhi dereva bahasha yenye pesa na barua, na mke wake kijijini alijua kwamba siku ya Jumamosi, saa tatu asubuhi, ni lazima asimame kando ya barabara. Dereva alipiga honi mara mbili, akapunguza mwendo, akatoa mkono dirishani. Mara chache sana bahasha ile ilipotea, maana dereva alijulikana kwa jina lake, kwa kijiji chake na kwa mke wake wa pili. Kuku walipanda juu kwa tiketi zao, baiskeli zikafungwa kwa mpira, na mara nyingine jeneza nalo likapandishwa huko huko juu, wafiwa wakakaa chini wakiimba usiku kucha. Leo pesa zinakwenda kwa simu, na mizigo ina ofisi yake, risiti na mizani. Ni vizuri. Ila dereva wa leo ukimwuliza jina lake atadhani unataka kumshtaki.

Yapo magari mengine yaliyotoweka kabisa barabarani. Kampuni ya Akamba, ambayo mabasi yake yalifika hadi Kampala na Dar es Salaam, ilikwisha mwanzoni mwa miaka ya 2010. Na zile Peugeot 504 zilizokuwa zikipaa kutoka Nairobi kwenda Nakuru na Kisumu, abiria saba wamebanana ndani na dereva amevaa miwani myeusi hata usiku? Zilikufa taratibu, Nissan za abiria kumi na wanne zikachukua nafasi, na sasa tuna vigari vidogo vya Kijapani vinavyofanya kazi ile ile kwa haraka ile ile. Jina ndilo limebadilika.

Kaskazini mabadiliko ni ya kheri zaidi kuliko mahali pengine popote. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni kama kilomita 500, na kwa miaka mingi mtu wa Marsabit au Moyale aliyetaka kufika Nairobi alipanda juu ya lori la ng'ombe, akashika vyuma, akalala njiani siku mbili au tatu, akiombea mvua isinyeshe na majambazi wasitokee. Kufikia mwaka 2017 lami ilikuwa imefika mpakani. Sasa anaingia basi Moyale na kesho yake yuko Nairobi. Mama mjamzito wa Turbi na mwanafunzi wa chuo kikuu ndio watu wa kuulizwa maana ya barabara ile, wala si waliokata utepe.

Mandera ni hadithi nyingine, na haisahauliki. Tarehe 22 Novemba 2014 magaidi walilisimamisha basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi, wakawatenga abiria kwa dini, wakawaua watu 28. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2015, walijaribu tena karibu na El Wak. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo, wakawapa wanawake wale nguo za kujitanda. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa ukaidi huo, akafariki Januari 2016. Filamu fupi ya Watu Wote ilitengenezwa kutokana na kisa hicho. Wanaosema kwamba ndani ya basi kila mtu yuko na lwake wangemkumbuka mwalimu yule.

Sasa tuje kwenye gari la moshi, maana limewatia wenye mabasi joto. Reli mpya ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na safari ya Nairobi na Mombasa ikawa ya kama saa tano. Watu waliimiminikia. Kampuni za mabasi zikapunguza magari, zikashusha nauli, zikaongeza viti vya raha, na ndivyo tulivyofikia haya makochi niliyoyataja. Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kwenye treni ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na ile ya daraja la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500, na baadhi ya abiria wakaanza tena kuyatazama mabasi kwa jicho la huruma.

Hata bila nauli kupanda, treni haiwezi kulimaliza basi. Inakushusha Miritini au Syokimau, na kutoka hapo una safari nyingine na mzigo wako. Halafu treni haisimami kwa mama yako. Basi litakushusha hapo hapo kwenye mwembe ule unaoujua, ukivuka barabara uko kwenu. Na mchuuzi wa nguo kutoka Mombasa anayetaka kufika Gikomba alfajiri, achague mitumba mapema na arejee usiku unaofuata bila kulipia chumba, huyo basi la usiku ndilo duka lake na kitanda chake.

Ni hapo kwenye usiku ndipo moyo wangu hauna amani.

Tazama tulikotoka. Februari 2004 waziri wa uchukuzi wakati huo, marehemu John Michuki, alianza kutekeleza sheria zake: mikanda kwa kila abiria, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, hakuna kusimama ndani ya gari. Watu walitembea kwa miguu siku kadha, wenye matatu wakagoma, lakini nidhamu ilionekana. Kisha mikanda ikachakaa, vidhibiti mwendo vikakatwa waya. Desemba 2013, baada ya ajali kufuatana, serikali ilipiga marufuku mabasi kusafiri usiku, halafu ikaruhusu yenye leseni maalumu. Tarehe 31 Desemba 2017 basi lililotoka Busia liligongana na lori pale Migaa, karibu na Salgaa, watu 36 wakafariki, nasi tukarudi kwenye marufuku ile ile, ambayo nayo haikudumu. Oktoba 2018, alfajiri, basi la kwenda Kakamega lilitoka barabarani huko Fort Ternan na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Na ili mtu asidhani kwamba giza peke yake ndilo muuaji, Julai 2022 basi la Meru kwenda Mombasa lilitumbukia kwenye bonde la mto Nithi jioni, zaidi ya 30 wakafa.

Kila mara ni mtindo ule ule. Ajali hutokea, viongozi hufika na viatu vya matope, polisi husimama barabarani wiki mbili wakikagua mikanda, kisha mambo hurejea kama yalivyokuwa. Tunapenda sana kukagua gari. Dereva hatumkagui.

Sheria kuhusu dereva ipo, tena iko wazi: hatakiwi kuendesha gari la abiria zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Sasa chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480. Kwa mwendo wa 80, bila kusimama wala kukutana na lori, ni saa sita. Lakini malori yapo, tena kwa mamia, na kuna kula Mtito Andei, na kuna vizuizi vya polisi, hivyo saa nane hukamilika kabla hujauona mnara wa Nairobi. Je, basi linaloendelea hadi Kisumu au Busia? Hiyo ni zaidi ya kilomita 800. Hakuna namna yoyote dereva mmoja anaweza kuifanya safari hiyo akiwa ndani ya sheria. Lazima wawe wawili, na yule wa pili awe amelala kweli, si yeye aliyekuwa akipakia mizigo jioni.

Kampuni nzuri hubadilisha madereva njiani, na inafaa tuzisifu. Nyingine humlipa dereva kwa safari. Akienda na kurudi mara nyingi, anapata zaidi. Akilala, hapati kitu. Kisha zikaja siku za korona. Kuanzia Aprili hadi Julai 2020 Nairobi ilifungwa, na Mombasa nayo, mabasi yakaegeshwa majani yakaota magurudumuni, na madereva wengi wakarudi mashambani bila mshahara. Walioitwa tena walirudi na madeni. Mtu mwenye deni na karo ya watoto hawezi kumwambia tajiri wake kwamba macho yake yamechoka.

Agosti mwaka jana nilisafiri usiku kwenda magharibi. Tulipopita Naivasha, mzee mmoja wa makamo ya babu yangu aliondoka kwenye kiti chake cha kochi, akaenda kukaa mbele kwenye kile kikao kigumu cha utingo. Nilimfuata nikamwuliza kama ana tatizo. Akasema, "Hapana, mjukuu wangu. Huyu kijana amepiga miayo mara tatu. Nataka anisimulie habari za kwao." Akamchokonoa maswali hadi kulipopambazuka: ng'ombe, mahari, siasa, bei ya mbolea. Nyuma sisi wengine arobaini tulikuwa tumetia vitu masikioni tukitazama filamu zetu.

Katika mabasi ya zamani, dereva akizidisha mwendo, kina mama walipaza sauti hadi akaona aibu. "We dereva, sisi si magunia!" Leo kila abiria yuko ndani ya simu yake, na anayelalamika huonekana mshamba asiyejua raha. Nimewahi kusikia kijana akimwambia mama mmoja kwamba kama anaogopa, si ashuke. Kilomita 120 kwa saa, saa nane usiku, ashukie wapi?

Jirani yangu hapa Mombasa ana binti anayesoma kidato cha pili huko Kisii. Muhula uliopita alikwenda dirishani kumkatia tiketi ya usiku, akamwuliza karani swali moja tu: basi hili lina madereva wangapi? Karani alicheka, akamwita mwenzake aje alisikie swali hilo. Wakamwonyesha picha za viti. Wakamwambia kuna mahali pa kuchajia simu na soda ya bure. Akauliza tena. Wakamjibu kwamba hayo ni mambo ya ofisini.

Mama yule alirudisha pesa zake mkobani. Siku iliyofuata alimpandisha bintiye treni ya mchana hadi Syokimau, akapokewa na shangazi yake anayeishi Mlolongo, akalala huko, na asubuhi shangazi akampeleka mjini kupanda basi la mchana la Kisii. Kabla halijaondoka, shangazi aliipiga picha nambari ya basi, akamwuliza dereva jina lake na mahali alikolala, na dereva akamjibu bila kinyongo. Msichana aliingia shuleni saa kumi jioni, siku moja baada ya wenzake, na mwalimu wa zamu akamwadhibu kwa kuchelewa. Jirani yangu anasema muhula ujao atafanya vivyo hivyo, na barua ya kumweleza mwalimu amekwisha kuiandika.